Katikati ya Daraja

Mimi ni karani. Kazi yangu kuandika
nani alihudhuria, nani alitoa udhuru,
kikao kilifunguliwa saa ngapi.
Haya mengine nayaandika nyuma ya karatasi.

Miji yetu miwili inatazamana ng'ambo kwa ng'ambo.
Kivisalo ina hospitali na kinu cha karatasi.
Haukiranta ina shule, na vitanda vya wanaofanya kazi Kivisalo.
Katikati ya daraja pana bamba la chuma,
upana wa kiganja.
Huo ndio mpaka.

Gari la theluji la Kivisalo hupita saa kumi na moja alfajiri,
likisukuma, likinguruma, taa ya manjano ikizunguka,
na likifika kwenye bamba
Taisto hunyanyua koleo, kama mtu anayevua kofia,
akageuza.
La Haukiranta huja saa moja.
Baina yao hubaki tuta,
kimo cha magoti, halina mwenyewe,
halimo katika bajeti yoyote.

Miaka kumi na tisa tumeliruka.
Tukiulizwa, tulijibu: mpaka waamue.
Waamue nini? Mpaka.
Neno moja, maana mbili,
nasi tumeganda katikati.

Wapiganapo mafahali wawili huumia nyasi;
kwetu nyasi zimelala chini ya theluji,
ikaumia nyonga.
Nyonga ya Saimi, muuguzi wa zamu ya usiku,
aliyeanguka akisukuma baiskeli kurudi nyumbani:
kichwa Haukiranta, miguu Kivisalo.
Dereva wa gari la wagonjwa aliuliza kwa simu
tumhesabu kwa kichwa au kwa miguu.
Hili nalo halimo katika kumbukumbu.

Mameya wakakutana Alhamisi, katika bwalo la shule,
siku ya supu ya njegere.
Walibishana kwanza kuhusu daraja,
si lile la mtoni, lile la vyeo:
nani aketi kichwani pa meza.
Meza ilikuwa ya duara.
Aune Kettukangas alicheka wa kwanza.
Veijo Rantakoski alikawia kidogo, kama bomba la maji ya moto.

Taisto aliitwa kama mtaalamu. Alisimama,
glavu mkononi, akauliza swali moja:
"Nisiponyanyua koleo,
nikaenda mita mia nne mbele hadi kwenye mzunguko,
nitashtakiwa?"
Kimya. Vijiko vilitua.
"Dizeli ya nani?" aliuliza Veijo.
Wakapiga hesabu juu ya kitambaa cha karatasi.
Ikatoka lita moja na nusu.
Miaka kumi na tisa, lita moja na nusu.

Mwanasheria alihitaji kurasa kumi na moja.
Lakini wao wawili hawakuondoka mezani.
Lilipokwisha tuta, likaja joto la kinu
ambalo usiku kucha tunamwagia samaki,
huku shule ya pili mtoni ikinunua kuni.
Likaja bomba la majitaka, kuukuu, la pamoja,
ambalo kila mji hulikumbuka likipasukia kwa jirani.
Aune alichora. Veijo alifuta, akachora tena.
Supu ilipoa, ikatanda ngozi.

Kuhusu kodi ya maduka mapya, hawakuafikiana.
"Andika hivyo," Aune aliniambia,
"usitupake sukari."
Nimeandika: hawakuafikiana.

Theluji iliyofuata, nilirauka kwenda kutazama.
Taisto alifika kwenye bamba,
na mkono, kwa mazoea, ukanyanyua koleo
kiasi cha unywele,
kisha ukashusha.
Nyuma yake barabara ilibaki nyeusi
na mstari mmoja mweupe, mwembamba,
ambao niliuvuka bila kuinua mguu.

Leo imeingia barua ya kwanza ya malalamiko:
kelele za gari, saa kumi na moja na robo alfajiri,
upande wa Haukiranta, ambako watu hulala.
Sahihi: Saimi.
Nimeipokea.
Nimeigonga mihuri miwili.